Portia, buibui anayewinda buibui: je, anafikiri?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sayansi. Kwa ufupi anasema: “Mwanafunzi wangu alisimama darasani akasema kuna buibui mdogo aitwaye Portia ambaye hupanga njia kabla ya kuondoka, huwahadaa buibui wengine, na hata anajua kuhesabu. Nilimjibu kwamba ubongo wa buibui ni mdogo kuliko kichwa cha pini, kwa hiyo hawezi kupanga lolote, hufuata silika tu. Hakuridhika, na tangu siku hiyo hata mimi sijatulia. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, buibui huyo ni hatari kwa watoto?”

Mwalimu, mwanafunzi wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa nawe hukukosea yote. Portia hutazama, huamua, ndipo huondoka. Hudanganya kweli, na uongo wake usiposhika huubadilisha. Wewe nawe ulisema kweli kuhusu ubongo: ni mdogo mno, na mengi anayoyafanya amezaliwa nayo. Kosa limo katika neno moja, lile “tu” la mwisho. Naomba nilishughulikie hilo “tu” kwa urefu, maana ndani yake mna mambo ambayo mimi binafsi nimeyapenda kwa miaka mingi.

La hatari nilimalize kwanza kwa kuwa ni jepesi. Portia si buibui wa kumhofia mtu. Ni mdogo, mwoga wa vitu vikubwa, na sumu yake kazi yake ni kuwalaza buibui wenzake. Watoto wamtazame watakavyo, ila wasimbane kwa vidole, kwa usalama wake zaidi kuliko wao.

Portia ni jina la jenasi nzima, si la buibui mmoja. Lilitolewa mwaka 1878 na Mjerumani Ferdinand Karsch, na leo jenasi hiyo ina spishi zaidi ya kumi na tano zilizotawanyika Afrika, Asia ya kusini na kusini-mashariki, hadi Australia. Wanaotajwa sana katika utafiti ni wanne: Portia fimbriata, ambaye amechunguzwa sana Queensland huko Australia, Portia labiata wa Asia, na wawili wa Afrika, Portia africana na Portia schultzi. Wote ni wa familia ya Salticidae, yaani buibui warukaji, familia kubwa kuliko zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000. Mwili wa Portia mzima una urefu wa milimita 5 hadi 10 hivi, jike akimzidi dume kidogo.

Ukimwona huenda usijue kama umemwona. Miguu na vipapasio vyake, vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya uso, vina manyoya yaliyosimama kwa vishungi, na rangi yake ni ya kahawia iliyochanganyika na weupe uliochakaa. Akitulia huivuta miguu chini ya mwili na kuficha vipapasio, na umbo la buibui linapotea kabisa. Unabaki na kipande cha jani kavu kilichonasa kwenye nyuzi. Hata mwendo wake ni wa kuficha. Buibui warukaji wengi ni wepesi, huenda mbio, husimama ghafla, huruka. Portia huinua mguu, huuacha hewani, hutikisika kidogo, huushusha, kisha husubiri kabla ya kuinua mwingine. Ni mwendo wa jani linaloguswa na upepo hafifu. Mtu asiye na subira humpita akidhani ni takataka.

Chakula chake kikuu ni buibui. Wadudu anakula, lakini anachokitafuta ni buibui wenzake, hasa wale wajengao utando, na huwakabili hata walio na ukubwa mara mbili yake. Hapo ndipo mambo yote uliyoulizwa na mwanafunzi yanapoanzia. Mwindaji wa nzi akikosea, nzi huruka na mwindaji hulala njaa. Mwindaji wa buibui akikosea, huliwa. Buibui mwenye utando haoni vizuri, lakini utando wenyewe ni kama ngozi yake iliyotandazwa: kila uzi unaoguswa anauhisi miguuni. Kuingia humo ni kuingia ndani ya hisia za adui. Kila hatua ya Portia kwenye utando ni neno linalosikika, atake asitake. Kwa hiyo amejifunza, au uzao wake umejifunza kwa vizazi vingi, kuchagua maneno.

Nieleze nilichokishuhudia mwenyewe, maana bila picha maelezo haya hukauka. Kulikuwa na utando mchafu kwenye pembe, chini ya dari, na ndani yake buibui wa jenasi ya Pholcus, wale wenye miguu mirefu kama nywele wanaoning'inia kichwa chini. Pholcus akishtuka hujizungusha kwa kasi mpaka macho yako hayamwoni tena, unabaki kuona ukungu tu. Portia alikuwa ukingoni. Aliweka ncha ya mguu mmoja juu ya uzi na kutulia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilibadilisha mkono ulioshika lenzi mara kadhaa. Kisha vipapasio vikaanza kuudonoa uzi, taratibu, mara mbili, mara tatu, akanyamaza. Pholcus akasogeza mguu mmoja. Portia akarudia mdonoo uleule. Mguu ukasogea tena. Safari ya tatu haukusogea, na Portia akabadili: akatumia mguu wa mbele badala ya vipapasio, akavuta polepole na kuachia ghafla. Sikuwahi kumwona mnyama mdogo namna ile akisubiri jibu kabla ya kusema neno jingine.

Mbinu hiyo ndiyo Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake kama Stimson Wilcox wameichunguza kwa miongo kadhaa. Portia anaweza kutetemesha utando kwa mguu wowote kati ya minane, kwa kipapasio kimoja au viwili, kwa kutikisa tumbo, au kwa mchanganyiko wowote wa hivyo, na kwa kasi na nguvu tofauti. Idadi ya ishara anazoweza kutunga haina mwisho unaojulikana. Kwa baadhi ya mawindo yaliyozoeleka huanza na ishara maalumu, kana kwamba ana ufunguo wa mlango huo. Kwa windo geni hupitisha ishara moja baada ya nyingine mpaka mwenye utando aitikie vizuri, na akiitikia, Portia huacha kubahatisha na kuirudia ileile iliyofaulu. Ikipoteza nguvu, anarudi kubahatisha. Amewahi kutazamwa akiendelea hivyo kwa siku tatu kwenye utando mmoja.

Angalia pia anachokiomba. Mtu angedhani Portia huigiza mdudu aliyenasa na kupapatika, basi. Kwa windo dogo hilo hutosha: mwenye utando huja mbio na kukutana na meno ya sumu. Lakini buibui mkubwa akija mbio ni hatari kwa Portia mwenyewe. Kwa huyo hutoa ishara dhaifu, zenye utata, kama za kitu kilichogusa ukingo kwa bahati, ili aje kwa hatua chache za kuchunguza. Au hutoa mtetemo wa namna moja usiobadilika, unaomtuliza mwenyeji mahali alipo huku Portia akimkaribia. Sioni namna ya kuyaeleza haya kwa kusema tu kwamba uzi uligusa mguu na mguu ukajibu.

Kuna na jambo la upepo. Upepo ukivuma utando wote hutikisika, na mwenyeji hawezi kutenganisha hatua za mgeni na kelele hizo. Wilcox na Jackson, pamoja na mwenzao mmoja, walionyesha mwaka 1996 kwamba Portia husubiri wakati kama huo ndipo atembee, na hutembea mbali zaidi kuliko utando ukiwa shwari. Upepo usipokuja, huweza kuutikisa utando yeye mwenyewe kwa nguvu na kupiga hatua ndani ya tikisiko hilo. Akiwa anafuata mdudu aliyenasa, ambaye hana habari na mitetemo ya utando, hajisumbui na ujanja huo. Anajua, au tuseme anatenda kama ajuaye, nani anasikiliza na nani hasikilizi.

Sasa tuje kwenye macho, kwa sababu bila macho hakuna kupanga njia. Buibui mrukaji ana macho manane. Sita kati ya hayo kazi yake kubwa ni kunasa mwendo wowote, na kwa pamoja yanafunika karibu duara zima linalomzunguka. Mawili makubwa ya mbele ndiyo yanayosoma. Kila moja ni bomba refu: lenzi iko mbele, imeshikamana na gamba la kichwa wala haigeuki, nyuma kabisa iko retina, yaani tabaka linalopokea picha, na kabla ya retina kuna kishimo kidogo kinachoikuza picha, kwa mpangilio wa lenzi za kamera za kupigia vitu vya mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 ulipima jicho la Portia fimbriata na kukuta linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa digrii 0.04 hivi. Kereng'ende, anayesifiwa kwa macho miongoni mwa wadudu, huishia kwenye digrii 0.4. Jicho la binadamu hufika digrii 0.007. Yaani mnyama wa milimita chache anamshinda kereng'ende mara kumi, na sisi tunamshinda mara sita tu. (Waambie wanafunzi pia, ukipata nafasi, kwamba kisayansi buibui hahesabiwi kuwa mdudu; miguu minane inamweka kwenye kundi lake mwenyewe.)

Ila kuna gharama. Retina hiyo ni ukanda mwembamba uliopinda, na sehemu anayoiona vizuri kwa wakati mmoja ni finyu mno. Kwa kuwa lenzi haigeuki, misuli sita huisogeza retina yenyewe nyuma ya lenzi, juu na chini, kushoto na kulia, na hata kuizungusha. Portia husoma dunia kama mtu anayesoma bango kubwa kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo: herufi moja, kisha nyingine, na neno halipatikani mpaka azikumbuke herufi zilizopita. Hapa, Mwalimu, ndipo ninapoona jibu la swali lako la ubongo mdogo. Tunapouliza inawezekanaje seli chache za neva zifanye kazi kubwa, tunasahau kuuliza zinaifanya kwa muda gani. Binadamu akitupa jicho chumbani, kila kitu kinaingia mara moja. Portia hununua picha ileile kwa vipande, na bei yake ni wakati. Ana wakati mwingi. Windo lake limekaa katikati ya utando halina safari, wala yeye mwenyewe hana haja ya kula kila siku.

Njia za mzunguko zinaonyesha hilo vizuri zaidi. Msituni Portia huweza kumwona buibui kwenye utando, akamtazama, kisha akageuka na kuondoka kuelekea upande mwingine kabisa. Mtu wa kawaida atasema amekata tamaa. Baada ya muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya saa moja, anatokea kwenye tawi lililo juu ya utando, anateremka kwa uzi wake mwenyewe bila kuugusa utando hata kidogo, na akifika usawa wa windo anajibembeza na kuuma. Hufanya hivyo hasa kwa buibui wa jenasi ya Argiope, ambao wakihisi mgeni huutikisa utando kwa nguvu mpaka mgeni anarushwa nje. Njiani humpoteza windo machoni kabisa.

Je, hiyo ni bahati? Michael Tarsitano na Jackson walilijaribu swali hilo maabara katika miaka ya 1990. Portia aliwekwa juu ya jukwaa. Kutoka hapo aliona windo, ambalo lilikuwa buibui mfu aliyekaushwa na kupachikwa kama aliye hai, na aliona njia mbili. Moja ilifika kwa windo, nyingine haikufika. Ili kushika yoyote ilibidi ashuke chini, mahali ambapo windo halionekani tena, na katika mipangilio fulani ilimlazimu aipite kwanza njia isiyofaa ndipo aifikie inayofaa, akienda kinyume na lilipo windo. Portia walichagua njia sahihi mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Hawakuichagua kila mara, na hilo nalo uwaambie wanafunzi, kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka huko nje yanamfanya buibui huyu kuwa mchawi asiyekosea. Wako waliokosea, wako waliokaa jukwaani bila kwenda popote.

Jaribio jingine, la mwaka 1999, lilitazama anachofanya kabla ya kushuka. Portia labiata alionyeshwa njia mbili zilizoinuliwa, moja ikiwa imekatika katikati. Mwanzoni aligeuza macho huku na huku, akifuata njia zote mbili kutoka kwenye windo. Macho yalipofika penye pengo, yalirudi. Kadiri muda ulivyokwenda aliitazama zaidi ile iliyo kamili, kisha akashuka. Uamuzi ulifanyika machoni, miguu ikiwa bado imetulia. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi maana ya neno “kupanga”, sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Kuhusu kuhesabu, mwanafunzi wako amekwenda mbele kidogo ya ushahidi, lakini si mbali. Fiona Cross na Jackson walimpa Portia africana nafasi ya kutazama kundi la mawindo kutoka juu ya mnara mdogo. Aliposhuka na kuwa hawaoni tena, idadi ilibadilishwa. Alipopanda na kuwaona upya, idadi ikiwa si ile aliyoiacha, alisita kushambulia. Kama alikuwa ameona mmoja na sasa wako wawili, alisita. Aliyeona wawili akakuta watatu naye alisita. Lakini watatu wakigeuka kuwa wanne au sita hakujali. Matokeo hayo ya mwaka 2017 yanatuonyesha mnyama mwenye makundi matatu kichwani: mmoja, wawili, wengi. Kuita hiyo hesabu ni kuongeza chumvi. Lakini kusita kwenyewe kuna maana nzito: hawezi kusita mbele ya badiliko asiyekuwa amebeba kichwani jinsi mambo yalivyokuwa mara ya mwisho.

Na idadi inamfaa nini? Pwani ya Ziwa Victoria, huko Mbita Point nchini Kenya, watoto wa Portia africana huwinda buibui mdogo sana, Oecobius amboseli, anayejenga kihema cha hariri juu ya mawe, magome ya miti na kuta. Mtoto wa Portia hukaa nje ya kihema akingoja mlangoni. Ximena Nelson na Jackson waligundua kwamba mtoto huyo anapochagua kihema cha kukaa, hupendelea kile ambacho tayari kina mwenzake mmoja anayengoja. Kisicho na mtu hakimvutii sana, na chenye wawili au watatu vilevile. Mmoja akikamata, mwingine huweza kujiunga kula. Kwa hiyo tofauti ya mmoja na wawili ni suala la tumbo kwake.

Narudi kwenye lile “tu”. Huko Queensland Portia fimbriata huwinda pia buibui warukaji wenzake, wenye macho makali kama yake. Akimnyatia mmoja kutoka nyuma na windo likageuka, huganda palepale na kuvirudisha vipapasio nyuma ili sura yake isitambulike. Mojawapo wa mawindo hayo ni jike wa jenasi ya Euryattus, ambaye huishi ndani ya jani kavu lililojikunja na kuning'inia kwa nyuzi. Dume wa Euryattus akija kuposa husimama juu ya jani na kulitikisa kwa namna maalumu. Portia naye huja, hulitikisa jani kwa mtikiso wa mposaji, na jike hutoka. Cha kushangaza ni kwamba Portia waliozaliwa na kulelewa maabara, ambao hawajawahi kumwona Euryattus, hufanya hivyo pia, mradi wazazi wao wametoka mahali ambapo Euryattus wapo. Wenye asili ya sehemu nyingine hawafanyi. Hii ni silika safi, ulikuwa sahihi hapo. Nao Euryattus wa mahali hapo huweza kumtambua Portia na kumfukuza, wakati ndugu zao wasioishi naye hawana ulinzi huo.

Lakini linganisha na Ufilipino. Los Baños ni msitu wa mvua wa bondeni, wenye buibui wa kila aina, akiwemo Scytodes, ambaye hutema gundi na kumfunga adui akiwa mbali. Portia labiata wa Los Baños huzunguka ili amfikie Scytodes kutoka nyuma. Akiona jike aliyebeba mayai mdomoni, huja moja kwa moja kwa mbele, kwa sababu huyo husita kutema: ili ateme lazima ayaachie mayai. Sagada, iliyo juu milimani penye misitu ya misonobari, haina mawindo ya aina nyingi hivyo. Jackson na mwenzake walipolea maabara Portia wa pande zote mbili na kuwapa matatizo mapya, wale wa Los Baños walitegemea zaidi kujaribu, kukosea na kubadili kuliko wale wa Sagada. Hawakuwa wamefundishwa na mtu, wala hawakuwa wameishi msituni. Yaani kilichorithiwa hapo ni uwezo wenyewe wa kubadilika. Mahali penye mafumbo mengi pamezaa buibui wepesi wa kujaribu.

Ndiyo maana nasema silika na akili hazigombani katika kiumbe hiki. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Portia ana zake, fupi, za kazi moja, ya kuwajua buibui wengine. Nje ya hapo sitamsifia sana, ingawa liko jaribio moja linalonivutia hadi leo. Portia fimbriata aliwekwa kwenye kisiwa kidogo katikati ya sinia la maji, na kulizunguka kisiwa kulikuwa na ukingo mwingine aliohitaji kuufikia kabla hajafika nchi kavu. Angeweza kuruka au kuogelea. Watafiti waliamua bila kumwambia ni njia ipi itafanikiwa: akichagua yenye bahati walimsukuma mbele kwa vijiwimbi, akichagua nyingine walimrudisha kisiwani. Waliofanikiwa waliirudia njia ileile safari ya pili. Waliorudishwa walibadili. Kuvuka maji hakuhusiani na kuhadaa buibui, na bado kanuni ni ileile aliyoitumia kwenye nyuzi: jaribu, sikiliza jibu, shika kinachofaa.

Kama Portia anahisi chochote ndani yake anapofanya hayo, hilo majaribio haya hayaligusi, nami sitalijibu kwa niaba yake. Wewe ukirudi darasani unaweza kusema kwa uhakika kwamba anabeba kichwani picha ya kitu asichokiona kwa sasa, na kwamba anaifuata. Kwa darasa la sayansi hiyo ni hatua kubwa.

Mkitaka kuanza kutazama wenyewe, anzeni na buibui mrukaji yeyote, kwa kuwa Portia ni adimu na mjuzi wa kujificha. Msogelee polepole, atageuka na kukuelekezea yale macho mawili. Kwenye spishi zenye gamba linalopitisha mwanga, hasa watoto, huweza kuonekana yale mabomba ya macho yakisogea ndani ya kichwa. Portia mwenyewe mtafuteni kwenye tando za buibui wengine, penye kivuli. Mkiona kipande cha jani kavu ambacho kila mkirudi kimekaribia katikati kidogo, kaeni chini. Njoo na lenzi, saa ya kuandikia muda, na daftari. Na msiupulizie utando pumzi mnapoinama kutazama, kwa sababu kwake pumzi yenu ni upepo, naye atapiga hatua humo humo.